Siku ya Tano Chini ya Mstari

Kabla hujakaa sawa nikuulize swali moja tu. Mtu akisimama mbele yako, anapumua, ana kijasho puani, halafu daftari likasema hayupo, utaamini lipi: pua au daftari? Usiharakishe. Mimi niliharakisha, nikajibu pua, na kwa sababu ya jibu hilo nimekuwa sipo kwa siku nne. Leo ni ya tano.

Naitwa Lukelo, ingawa siku hizi jina hilo nalitamka mimi mwenyewe, kwa sauti ya chini, lisije likashika kutu. Ni mhudumu wa maabara katika Shule, na mimi ndiye mgonga kengele. Usiniulize Shule gani. Ubao wa getini ulioshwa na mvua ukabakiwa na neno moja, Shule, na mshale unaoelekeza juu mbinguni, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka jina lililobaki. Elimu yangu ni kidato cha nne. Matokeo nitakutajia tukishazoeana.

Kengele yenyewe si kengele, ni rimu ya lori iliyofungwa kwa waya kwenye mwamba wa goli bovu. Naigonga kwa kipande cha nondo. Saa ya ukutani ya ofisini ilikufa zamani, mshale wake mrefu umelala juu ya mfupi kama wanandoa wazee, kwa hiyo muda wote wa pale unatoka kwenye mkono wangu. Nikigonga mara tatu, jua linapanda. Nikigonga mfululizo, linashuka. Nilidhani ni bahati tu, mpaka siku niliyoshikwa na mafua nikachelewa kugonga, kuku wa Mama Semeni, anayetupikia chai, nao wakachelewa kutaga. Basi, hapo ndipo ningepaswa kujua. Lakini sisi watu wa chini tunabeba mchana mzima kichwani tukidhani ni ndoo ya maji.

Mambo yalianzia kwenye mlango.

Maabara yetu ina milango miwili. Wa kwanza ni wa kuingilia. Wa pili ni wa kukimbilia: likilipuka la kulipuka, nusu ya watoto wapite huku, nusu kule. Ukutani kuna sheria ya rangi ya buluu: WANAFUNZI WAKIWA NDANI, MILANGO YOTE MIWILI IWE WAZI. Chini yake kuna sahihi ya Mkuu wa Shule, kubwa kama sinia. Sasa, Mkuu huyohuyo akanunua viti sitini vya wageni, vyekundu, vya mto laini, kwa ajili ya Mgeni Rasmi atakayekuja siku ya mahafali. Mgeni huyo hajaja. Mahafali yamepita mengi, sijui mangapi, maana Mkuu ana umri uleule katika picha zote za ofisini na watoto pembeni yake tu ndio wanaobadilika. Viti vikatafutiwa pa kukaa. Vikapangwa nyuma ya mlango wa pili mpaka darini, likaja kufuli, zikaja mbao na misumari. Watoto arobaini wakabaki na gesi, tindikali na mlango mmoja, ili viti visichakae.

Nikaandika barua. Watu wazima wenye akili wanaandika barua, si ndiyo? Sikutia jina. Chini niliandika "Ni mimi, Mpenda Usalama," kisha nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Na hapa uniruhusu nijicheke. Sanduku lile lina kufuli moja, kufuli lina ufunguo mmoja, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa Mkuu kama hirizi. Nililijua hilo. Kila mtu analijua. Bado tunalipelekea sanduku siri zetu, kwa kuwa limeandikwa "maoni" na sisi tuna maoni. Ni sawa na kumshtaki mwizi kwa kumnong'oneza mwizi sikioni, kisha unarudi nyumbani ukiwa umeridhika na uraia wako.

Kikao kikaitishwa. Mkuu akasimama, suti ya kijivu, tabasamu limepigwa pasi.

"Ndugu walimu na watumishi," akasema, "nimepokea barua nzuri sana. Inahusu mlango. Aliyeiandika hakutaja jina, na mimi simtafuti. Shule hii inawalinda wanaotoa taarifa."

Tukapiga makofi. Mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote, mjinga mimi.

"Ila niwaambie kitu," akaendelea, akiinua karatasi kwenye mwanga. "Mwandiko huu! Hii herufi ya m, ina miguu kama mbuzi. Nimeiona mahali. Nimeiona wapi vile?" Akafumba macho kama anayeonja mchuzi. "Aa. Kwenye chupa za tindikali."

Kila chupa ya maabara ina lebo, na kila lebo nimeiandika mimi. Walimu wote wakageuka kuniangalia. Mkuu peke yake hakugeuka. Alikunja barua mara nne, akaipachika chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Meza ikatulia.

"Kikao kimefungwa," akasema. "Chai ipo."

*

Sasa nikueleze mstari, maana bila mstari hutonielewa. Asubuhi kila mtumishi anasaini daftari la mahudhurio. Ikifika saa moja na nusu, Mkuu anachukua kalamu nyekundu na rula, anapiga mstari. Uliyesaini juu ya mstari umewahi. Uliye chini umechelewa, na ukichelewa sana unaandikiwa pembeni: hayupo. Hivyo ndivyo inavyofanyika shule nyingi, na si vibaya. Mtu avute soksi awahi kazini.

Siku ya kwanza baada ya kikao nilifika saa moja kamili. Mstari ulishapigwa. Nilikuwa wa kwanza kufika, na jina langu likawa la kwanza, chini, na pembeni yake: hayupo.

Siku ya pili nikafika saa kumi na mbili na nusu. Mstari upo, wino haujakauka.

Siku ya tatu nilifika umande ukiwa bado kwenye majani, ofisi imefungwa, nikasubiri mlangoni. Mkuu akaja, akafungua, tukaingia bega kwa bega. Akafungua ukurasa mpya mweupe mbele ya macho yangu. Mstari ulikuwa umeshalala pale, mwekundu, umeacha juu yake nafasi ya wenzangu tu, kama ukurasa umezaliwa nao. Nikapekua mbele. Kesho, keshokutwa, mpaka jalada la nyuma: mstari, mstari, mstari. Mtu huyu alikuwa amenichelewesha mpaka mwakani.

"Mkuu, mbona..." nikaanza.

"Upepo mwingi leo," akajibu, akafunga dirisha.

Fikiri nami kidogo. Kuna kuchelewa kwa miguu, hata mimi nakujua, kuna dawa yake, unaamka mapema. Lakini kuchelewa ulikopewa hakuna mapema yake. Ukikimbia, mwisho wa safari umekimbia kabla yako. Ukilala palepale mlangoni, umelala upande usio sahihi wa mlango. Nikajiuliza: huu muda ambao nimeuwahi kila siku, ulikuwa wangu lini? Nani alimpa mtu mmoja rula ya kukatia asubuhi za wenzake? Na je, mimi, huyu anayejiita mimi, ni huyu mwenye pua, au ni yule aliye kwenye mistari, asiyekuwepo, mwenye mwandiko wa miguu ya mbuzi? Maana yule wa kwenye mistari ndiye anayeaminika. Ndiye mwenye faili.

Tena daftari lilianza kushinda. Siku hiyo ya tatu, Mama Semeni alimimina vikombe vyote akaruka changu. Hakufanya kusudi. Nilimwona akihesabu watu kwa kidole, kidole kikanipita kama kinapita dirisha. Mwalimu wa jiografia akaweka koti lake begani mwangu akidhani ni msumari. Nikalibeba mpaka mchana, nifanyeje, lilikuwa koti zuri. Siku ya nne nikaingia maabara nikakuta lebo zangu zimepauka. Maandishi yalikuwa yanatoka kwenye karatasi kama mvuke. Kufikia mchana tindikali na maji vilikuwa vimekaa rafuni bega kwa bega, vyeupe vyote, vipole vyote, bila jina.

Hapo nikaacha kucheka.

Mwalimu wa kemia, Madam Nyanjige, ndiye aliyekuwa bado ananiona, nadhani kwa sababu kazi yake ni kuona vitu visivyoonekana. Alinivuta nyuma ya kabati.

"Mdogo wangu, umehesabu siku?"

"Nimehesabu lebo, Madam. Zimeisha."

"Sikiliza, acha utani. Kanuni inasema siku tano mfululizo hayupo, huo ni utoro. Kesho ni ya tano. Barua ya kukufuta imeshapigwa chapa, imebaki tarehe tu. Kengele ya jioni ikilia, siku imeisha, anagonga muhuri."

"Kengele ya jioni."

"Ndiyo."

"Ambayo naigonga mimi."

Akashika mdomo, sikujua anazuia kilio au kicheko.

"Na kesho," akasema, "nina kidato cha tatu, vipindi viwili. Watoto arobaini. Chupa hazina majina na mlango ni mmoja. Nimemwambia Mkuu tuahirishe. Unajua kanijibu nini? Eti kama lebo hazipo nimuulize mhusika. Nikamwambia mhusika ni Lukelo. Akasema, Lukelo? Huyo hayupo."

*

Siku ya tano. Nimekuja, nimesaini chini, nimetoka nje na nondo yangu. Nimegonga kengele ya kuingia madarasani, watoto wamekimbia, Madam Nyanjige amewaingiza arobaini wake maabara akiwapigia kelele: "Mikono mifukoni! Atakayegusa chupa nitamgusa na mimi!" Nimekaa chini ya goli. Na hapo, katika kukaa, wazo likaja. Halikuja kwa mbwembwe. Lilikaa pembeni yangu tu, likanikonyeza.

Kama sipo, kengele inagongwa na nani?

Nikaliangalia wazo. Likaniangalia. Siku nne nimekuwa sipo na siku nne nimegonga. Huo ni utovu wa nidhamu! Mtu asiyekuwepo anafanyaje kazi bila kibali? Nikasema basi, leo nitii. Leo nisiwepo sawasawa, kama wanavyotaka. Nikalaza nondo kwenye majani, nikanyoosha miguu.

Kipindi cha kwanza hakikuisha.

Jua lilifika juu ya bomba la bwalo, likasimama. Kivuli cha goli kikakaa palepale, mende mmoja akakivuka akarudi akakivuka tena. Madarasani mwalimu wa historia alimaliza vita, akaanza amani, akaimaliza, akarudia vita. Mwalimu wa hesabu alifika kwenye namba ambayo hakuwahi kuifikia na akaogopa kuendelea. Maziwa ya Mama Semeni yalisimama katika kuchemka, povu limeinama ukingoni mwa sufuria, haliingii wala halimwagiki. Na ofisini Mkuu alikaa na muhuri mkononi, barua mbele yake, akiisubiri jioni. Kunifuta kulihitaji siku ya tano iishe. Siku ya tano iliishia kwenye kengele. Kengele ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe, kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, hayupo.

Alitoka, suti imeanza kukunjamana. Akaokota nondo, akagonga rimu mwenyewe. Ikatoa sauti kama mwiko kwenye ugali. Akagonga tena. Jua halikutikisika. Lilikuwa limesoma daftari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha Shule nzima kuamini karatasi kuliko macho, na jua lilikuwa mwanafunzi mzuri.

Kuniambia neno hakuweza. Akiniambia neno, nipo. Akaita: "Mama Semeni! Njoo hapa. Mwambie huyu... mwambie asiyekuwepo agonge kengele."

Mama Semeni akaja na mwiko wake, akatazama goli, akatazama majani.

"Nimwambieje mtu ambaye hayupo, Mkuu? Watoto wakiniona nitaonekana chizi."

"Lakini unamwona!"

"Wewe unamwona?"

Mkuu akairudisha nondo kwenye majani, pembeni ya miguu yangu. Nikamwonea huruma kidogo, kiasi cha kijiko cha chai.

Wakati huo mlango wa maabara ukafunguka, ule mmoja. Madam Nyanjige alikuwa ametoa watoto wake mmoja mmoja, mikono mifukoni, na ilimchukua muda mrefu sana, ambao kwa bahati nzuri tulikuwa nao. Alipomtoa wa arobaini alipita katikati ya uwanja bila kumsalimia mtu, akaingia ofisini, akatoka na daftari. Akaliweka juu ya meza ya Mama Semeni ya kukatia mikate, wote tukaona. Jina lake lilikuwa juu ya mstari. Akalikata. Akaliandika upya chini, pembeni ya langu.

"Madam!" Mkuu akasema. "Unajua maana yake?"

"Najua. Nimechelewa, Mkuu. Nimechelewa kusema. Mlango ule niliuona kabla yake."

Mwalimu wa jiografia akaja. Akaniangalia, akashtuka, akaniangalia tena. "Kumbe koti langu unalo wewe," akasema, akakata jina lake juu ya mstari, akasaini chini. Akaja wa hesabu, akaja wa historia akiwa na chaki ya vita vidoleni. Kila aliyesaini aligeuka akaniona, na kila aliyeniona alinirudishia kitu: huyu kidole, huyu goti, huyu kijasho cha puani. Mwisho akabaki Mama Semeni, ambaye miaka yote hakuna aliyewahi kumpa daftari asaini. Akafuta mikono kwenye kanga. Akachora jina lake polepole, herufi kubwa, mpaka ukingo wa ukurasa. Kisha akalitazama daftari kama anavyotazama samaki, akaligeuza juu chini.

"Haya," akasema. "Sasa nani yuko juu?"

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia. Kilianza kwa watoto, kikapita kwa walimu, nadhani hata mende alicheka. Upande wa pili wa mstari mwekundu lilibaki jina moja tu, limesimama kichwa chini miguu juu, na sahihi yake kubwa kama sinia.

Mkuu akatoa kalamu nyekundu. Akainamia ukurasa, na ndipo nikaona, mara ya kwanza, kwamba ana umri. Alikuwa mzee kuliko picha zake. Akaandika pembeni ya jina langu: yupo. Akageuka, akanitazama machoni.

"Lukelo. Gonga."

Kupitia dirisha la maabara niliona lebo zikirudi. M, miguu ya mbuzi. Tindikali ikawa tindikali.

"Bado, Mkuu," nikasema, na sauti yangu ilinishangaza kwa unene wake. "Tuanze na mlango."

Aling'oa misumari yeye mwenyewe kwa nondo yangu. Alitoa viti sitini, kimoja kimoja, vyekundu, vina vumbi la mahafali yote. Mtoto wa kwanza alikaa kwa woga, ncha ya makalio. Wa pili akaruka juu yake. Walipojaa wote uwanjani, na walimu, na Mama Semeni kwenye kiti cha mbele kabisa miguu imenyooshwa, nikaelewa kwamba Mgeni Rasmi alikuwa amefika zamani sana na alikuwa akikaa kwenye mabenchi. Mlango wa pili ukafunguka kwa kelele kama mtu anayepiga miayo baada ya usingizi wa miaka. Upepo ukaingia huku, ukatokea kule. Karatasi zote za maabara zikapiga makofi.

Mkuu akasimama na kiti cha mwisho begani, jasho linamtiririka. Nondo ilikuwa imerudi kwangu. Na nikuambie ukweli, maana tumeshazoeana: ilikuwa tamu. Nilimwangalia pale, katika mchana usioisha, nikataka kumwacha hapo. Siku moja tu zaidi. Wiki. Abebe kiti mpaka nitakaposema. Vidole vilikaza kwenye chuma, na nilihisi kitu chembamba, chekundu, kinajinyoosha ndani yangu kama rula.

Nikaogopa. Nikagonga.

Nikagonga mfululizo, kwa nguvu zote, mpaka waya ukalia na goli likacheza. Jua likaruka kama lililoamshwa, likateremka mbio kufidia. Maziwa yakamwagika. Vita vikaisha. Mkuu akatua kiti, na kwa kuwa kilikuwa mbele yake na amechoka, akakikalia, katikati ya watoto, hakuna aliyempisha. Siku ya tano ikaisha, na ile barua ya kunifuta, isiyo na tarehe, Madam Nyanjige aliikunja mara nne akaipachika chini ya mguu mwingine wa meza.

Kabla sijaondoka nilikata kipande cha karatasi, kile kile cha lebo. Nikaandika: MLANGO. UWE WAZI. Nikaangalia ile m. Safari hii chini yake sikuandika Mpenda Usalama. Nikaandika Lukelo, nikakibandika pale juu ya sheria ya buluu, kisha nikatoka kwa kupitia mlango wa pili. Wa kwanza ulikuwa karibu zaidi, najua.